Milimita Moja kwa Siku

Pwani yetu kila kijiji kina kisa cha mkwezi aliyeanguka. Kuti bovu limemponyoka mkononi, na mtu aliyepanda minazi tangu utotoni anajikuta chini, macho wazi, akili timamu, miguu anaiona lakini haiitikii. Na kijiji hicho hicho hakikosi mtu aliyejikata kwa panga juu ya kiganja, vidole vikafa ganzi miezi na miezi, kisha asubuhi moja akahisi tena joto la kikombe cha chai. Kilichoumia kwa wote wawili ni kitu kimoja: neva, yaani mishipa ya fahamu, nyuzi zinazopeleka amri kutoka ubongoni na kurudisha habari kutoka mwilini. Mmoja amerudishiwa alichopoteza. Mwingine hajarudishiwa.

Kwa nini? Historia ya swali hili ni ndefu, na katikati yake mna jambo linaloniuma kila nikilisoma. Sehemu kubwa ya jibu ilikwisha kuonekana mwaka 1911, chini ya hadubini mjini Madrid. Ikaachwa hapo mezani miaka 70.

Hukumu ya Misri

Mwaka 1862 Mmarekani aitwaye Edwin Smith alinunua gombo la mafunjo mjini Luxor. Lilipotafsiriwa kikamilifu na James Henry Breasted mwaka 1930, dunia ikagundua kwamba ni kitabu cha tabibu wa majeraha kilichonakiliwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, kutoka katika maandishi ya kale zaidi. Kina visa 48, vimepangwa kuanzia kichwani kushuka chini. Kimojawapo ni cha mtu aliyeteguka pingili za shingo: hana habari na mikono wala miguu yake, na mkojo unamtoka bila yeye kujua. Tabibu anaeleza dalili kwa usahihi ambao daktari wa leo angeutia sahihi yake. Kisha anatoa uamuzi: huu ni ugonjwa usiotibiwa.

Uamuzi huo ulidumu zaidi ya miaka 3,000. Galen, aliyewahi kuwauguza wapiganaji wa viwanjani kule Pergamon katika karne ya pili, alikata ugwe wa mgongo wa wanyama, ule uzi mnene upitao ndani ya mifupa ya uti wa mgongo, na kuonyesha kwamba kadiri unavyokata karibu na kichwa ndivyo sehemu kubwa zaidi ya mwili inavyopooza. Alijua mahali pa jeraha. Dawa hakuwa nayo. Kuhusu neva za mikononi na miguuni, matabibu walibishana kama inafaa hata kuzigusa kwa sindano, na wengi waliamini kwamba neva iliyokatika, imekatika.

1795: Mbwa wa Haighton

Aliyelivunja wazo hilo kwa ushahidi ni John Haighton, tabibu wa London. Alitumia neva mbili zishukazo kutoka kichwani kupitia shingoni, moja kila upande, kwenda kwenye moyo, mapafu na tumbo. Ilijulikana kwamba mbwa akikatwa zote mbili kwa mpigo hufa. Haighton alikata moja, akasubiri wiki sita, ndipo akakata ya pili. Mbwa akaishi. Maana yake ile ya kwanza ilikuwa imerudi kazini. Lakini Haighton hakuridhika, kwani huenda mwili ulikuwa umepata njia nyingine ya kuishi bila neva hizo. Alimwacha mbwa muda mrefu, kisha akazikata zote mbili tena, mahali pale pale palipokuwa na makovu. Safari hii mbwa alikufa.

Ni jaribio linalochoma roho, na leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingelipitisha kwa namna ile. Lakini mantiki yake haina mwanya. Kilichopita katika yale makovu kilikuwa neva hai, inayofanya kazi. William Cruikshank alikuwa ameona dalili za jambo hilo hilo tangu 1776, na taarifa za wote wawili zilichapishwa mwaka ule ule wa 1795.

Ilibaki kujua inavyorudi. Mwaka 1850 Augustus Waller alikata neva za ulimi wa chura. Aliuchagua ulimi kwa sababu ni mwembamba, unaweza kuunyoosha chini ya hadubini na kuona mwanga ukipita. Akaona kwamba sehemu ya neva iliyotengwa na mwili wa seli hukatika vipande na kuoza, ilhali ile iliyobaki imeshikamana na seli yake hubaki hai. Ukikata mti, tawi lililoanguka hukauka na kisiki huchipua. Waller hakuutumia mfano huo, lakini mkulima yeyote angemwelewa.

1903: Mkono wa Henry Head

Shida ya mbwa na chura ni kwamba hawasemi. Daktari mmoja wa London, Henry Head, alichoshwa na kuwauliza wagonjwa wenye maumivu na uchovu wanahisi nini, akaamua kujibu mwenyewe. Tarehe 25 Aprili 1903, akiwa mzima kabisa, alimruhusu mpasuaji kukata neva za ngozi karibu na kiwiko chake cha kushoto na kuziunganisha tena kwa uzi wa hariri.

Kwa miaka minne iliyofuata alisafiri kwenda Cambridge kila alipopata nafasi, katika vyumba vya rafiki yake W. H. R. Rivers kwenye Chuo cha St John's. Head alifumba macho. Rivers alimgusa kwa pamba, kwa ncha ya pini, kwa mirija ya maji ya moto na ya baridi, na kuandika kila jibu. Mwanzoni sehemu ya mkono na nyuma ya kiganja ilikuwa kama ya mtu mwingine. Baada ya wiki kadhaa maumivu yalianza kurudi, lakini yalirudi kinyama: pini ndogo ilileta uchungu mkubwa uliotapakaa, na Head hakuweza kusema umeanzia wapi. Mguso mwepesi wa pamba, na uwezo wa kujua mahali hasa palipoguswa, vilichelewa zaidi ya mwaka.

Walichapisha matokeo mwaka 1908. Nadharia waliyoijenga, kwamba kuna mifumo miwili ya hisia, mmoja wa kale na mkali, mwingine wa baadaye na mpole, haikusimama. Wilfred Trotter na Hugh Morriston Davies walijikata neva zao wenyewe na mwaka 1909 wakatoa matokeo tofauti. Hata hivyo Head alikuwa ametupa kitu ambacho hakuna mnyama angetupa: kalenda ya kurudi kwa hisia, imeandikwa na mwenye mkono. Wauguzi na wagonjwa wanaoogopa pale mkono unapoanza kuwaka moto miezi miwili baada ya kushonwa wanastahili kuijua kalenda hiyo. Mara nyingi moto huo ni habari njema.

Madrid, 1887 hadi 1914

Santiago Ramón y Cajal alikuwa na umri wa miaka 35 alipoonyeshwa mjini Madrid vipande vya ubongo vilivyotiwa rangi kwa mbinu ya Mwitalia Camillo Golgi. Mbinu hiyo, iliyovumbuliwa 1873, hutumia chumvi za fedha, na kwa sababu ambayo haikueleweka huzipaka seli chache tu rangi nyeusi, kila moja na matawi yake yote, huku nyingine zikibaki hazionekani. Bila hivyo ubongo ni msitu mnene usioonyesha hata mti mmoja. Cajal aliiboresha mbinu, akachora alichokiona, na kutangaza kwamba mfumo wa neva umejengwa kwa seli zinazojitegemea ambazo zinakaribiana bila kuungana. Golgi mwenyewe aliamini zimeungana zote katika wavu mmoja. Mwaka 1906 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja, na Golgi akaitumia hotuba yake kuyapinga mafundisho ya mwenzake.

Ubishi huo ulihusu pia jeraha. Walioamini wavu walidai kwamba uzi mpya wa neva huundwa papo hapo, kipande kwa kipande, ndani ya ile sehemu iliyotengwa. Cajal alionyesha kwamba sivyo. Uzi mpya huota kutoka kwenye kisiki cha juu, ukiongozwa na ncha pana aliyoieleza tangu 1890, ncha inayopapasa njia kama mzizi unaotafuta maji. Mwaka 1907 Ross Harrison wa Marekani aliikuza neva ya kiinitete cha chura ndani ya tone la limfu na kuiona ikirefuka mbele ya macho yake. Baada ya hapo ubishi ulikuwa hauna miguu.

Kisha Cajal akageukia ugwe wa mgongo na ubongo. Aliona jambo la ajabu na la huzuni. Nyuzi zilizokatwa hujaribu. Siku za mwanzo huchipua kama zile za mkononi, zinasogea kidogo, halafu ncha zake huvimba, husimama na kunyauka.

Mwanafunzi wake Francisco Tello ndiye aliyeuliza swali lililopaswa kuulizwa. Je, kosa ni la uzi wenyewe, au ni la udongo ulimoota? Mwaka 1911 alichukua vipande vya neva ya mguu wa sungura akavipachika ndani ya ubongo wa sungura. Nyuzi za ubongo, zile zisizoota, ziliota. Ziliingia ndani ya kile kipande kana kwamba zilikuwa zimengoja mtu azifungulie mlango.

Cajal aliyaweka haya yote katika juzuu mbili zilizotoka 1913 na 1914, kwa Kihispania, kwa fedha zilizochangwa na madaktari Wahispania waliokuwa Argentina. Tafsiri ya Kiingereza ilisubiri hadi 1928. Humo aliandika kwamba kwa mtu mzima njia za neva katika ubongo na ugwe zimekwisha kupangwa na hazibadiliki, na papo hapo akaiachia sayansi ya baadaye kazi ya kuibadili hali hiyo ikiwezekana. Wasomaji walikariri nusu ya kwanza. Kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi wa udaktari kilifundishwa kwamba ugwe wa mgongo hauoti, nukta. Mwaka 1942 Le Gros Clark wa Oxford alirudia jaribio la Tello, hakupata alichokipata Tello, na mlango ukafungwa. Kusema kweli, zana za wakati ule hazikuweza kuthibitisha kwamba nyuzi zilizoonekana zilitoka ubongoni kweli na si mahali pengine. Lakini kutothibitishwa si sawa na kukanushwa, na ubaridi huo uliwagharimu watu wengi muda ambao haurudi.

Vita viwili, 1914 hadi 1948

Risasi na vipande vya mizinga viliwapa madaktari majeruhi wa neva kwa maelfu. Mwaka 1915 Mfaransa Jules Tinel aliandika kuhusu alama ambayo bado inatumika kila kliniki. Daktari anagongagonga kwa kidole juu ya njia ya neva iliyoshonwa. Pale ncha zinazoota zilipofika, mgonjwa huhisi kama sisimizi wanamtambaa mkononi mpaka vidoleni. Mwezi unaofuata sisimizi wamesogea. Kwa njia kama hizo ilifahamika kwamba neva ya binadamu huota takriban milimita moja kwa siku. Kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole ni safari ya zaidi ya mwaka mzima. Na msuli hausubiri milele: ukikaa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu bila neva, hunywea kiasi cha kutoweza tena kupokea amri. Ndiyo maana mpasuaji anayejua kazi yake hamwachi mtu wa panga arudi nyumbani na kidonda cha ngozi kilichoshonwa huku neva imeachwa chini yake. Katika vita vya pili Herbert Seddon, pale Oxford, aliyagawa majeraha haya mafungu matatu: neva iliyozimia tu, iliyokatika nyuzi lakini ala yake ikabaki, na iliyokatika yote. Mwaka 1951 Sydney Sunderland akayafanya matano.

Walioumia ugwe wa mgongo walikuwa na hadithi nyingine. Mwaka 1917 kijana Mjerumani wa Kiyahudi, Ludwig Guttmann, akijitolea hospitalini, alimwona mchimba makaa aliyevunjika mgongo akizungushiwa pazia mwishoni mwa wodi. Aliambiwa asijisumbue kuandika mengi, kwani mtu huyo angekufa baada ya wiki chache. Alikufa. Hakuuawa na mgongo. Aliuawa na vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo, kama karibu wote waliokuwa na hali yake.

Guttmann alikuja kuwa bingwa wa neva, akawakimbia Wanazi mwaka 1939 na kuhamia Uingereza, na tarehe 1 Februari 1944 akafungua kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo kwenye hospitali ya Stoke Mandeville. Hakuwa na dawa ya kuotesha neva. Alichokuwa nacho ni ukaidi. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na usiku alizunguka wodini kuhakikisha. Kibofu kikahudumiwa kwa usafi, dawa mpya za kuua vijidudu zikatumika, na watu waliohesabiwa wafu wakaanza kudai nguo na kazi. Tarehe 29 Julai 1948, siku ya ufunguzi wa Olimpiki ya London, majeruhi 16 wa kivita, wanaume na wanawake, walishindana kulenga shabaha kwa mishale wakiwa katika viti vya magurudumu kwenye nyasi za hospitali. Kutoka hapo ikazaliwa Michezo ya Paralimpiki.

Mimi namweka Guttmann katika historia ya kuota kwa neva ingawa hakuotesha hata uzi mmoja. Kabla yake ni wagonjwa wachache sana walioishi muda wa kutosha kufaidika na ugunduzi wowote.

Mayai ya Rita

Mwaka 1938 serikali ya Mussolini iliwafukuza Wayahudi katika vyuo vya Italia. Rita Levi-Montalcini, daktari kijana wa Turin, aliweka maabara chumbani mwake mwa kulala, akatengeneza vyombo vya upasuaji kutokana na sindano za kushonea, na kuchunguza neva za vifaranga ndani ya mayai. Mabomu yalipozidi familia ilihamia milimani, naye akawa anazunguka kwa baiskeli kuomba mayai kwa wakulima, akisema ni ya watoto wake. Watoto hakuwa nao.

Mwaka 1947 alialikwa na Viktor Hamburger kwenda St. Louis, Marekani. Huko aliona kwamba uvimbe fulani wa panya, ukipachikwa kwa kifaranga, huzifanya neva zifurike kuuelekea. Mwaka 1952 alipanda ndege kwenda Rio de Janeiro, kwenye maabara ya kukuzia seli, akiwa amebeba panya wawili wenye uvimbe huo. Huko neva zilizowekwa karibu na uvimbe ziliota pande zote kama miale ya jua. Akiwa na mkemia Stanley Cohen waliitafuta dutu yenyewe, wakaikuta kwa wingi katika sumu ya nyoka, kisha katika tezi za mate za panya. Walipata Nobel mwaka 1986. Sasa ilijulikana kwa kemia, si kwa kubahatisha, kwamba neva husikiliza kilicho kando yake.

1981: Daraja la Montreal

Hapo ndipo Albert Aguayo, mjini Montreal, aliporudi kwa Tello. Yeye na Samuel David walichukua neva ya mguu wa panya wakaitandika kama daraja, upande mmoja umeingia chini ya ubongo, upande wa pili katika ugwe wa mgongo chini zaidi. Safari hii palikuwa na rangi za kufuatilia uzi hadi kwenye seli yake, na shaka ya 1942 haikuwa na pa kujificha. Seli za ubongo na ugwe zilikuwa zimeotesha nyuzi za milimita 30 hivi ndani ya daraja. Lakini zilipofika ng'ambo na kuingia tena katika ugwe, ziliishia hapo hapo, milimita chache tu.

Kwa hiyo uzi hauna kosa. Udongo ndio unaoukataa.

Martin Schwab wa Zurich alimtafuta mkataaji. Mwaka 1988 yeye na wenzake walionyesha kwamba mayelini, ule utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za ubongo na ugwe, una protini zinazozuia kuota. Mwaka 1990 walitumia kingamwili kuzifunga protini hizo na baadhi ya nyuzi za panya zikavuka jeraha. Jeni la mojawapo lilitambuliwa mwaka 2000 na protini ikaitwa Nogo. Wengine walibaini kwamba kovu lenyewe lina sukari zinazofukuza ncha ya neva, na mwaka 2002 watafiti wa London walizimeng'enya kwa kimeng'enya na kurudisha sehemu ya mwendo kwa panya.

Kutoka kwa panya hadi kwa mtu ndiko maumivu yaliko. Mwaka 1990 dawa aina ya steroidi, methaili-predinisoloni, ilitangazwa kwamba ikitolewa katika saa 8 za kwanza inaokoa. Ikatumika duniani kote, lakini ushahidi ulipopitiwa upya faida ilionekana ndogo na madhara makubwa, na mwaka 2013 vyama vya wapasuaji wa neva vya Marekani vilishauri isitumike. Kingamwili dhidi ya Nogo ilijaribiwa kwa watu barani Ulaya, na matokeo yaliyotolewa mwishoni mwa 2024 hayakuonyesha tofauti kwa kundi zima, ingawa kulikuwa na dalili za nafuu kwa wale ambao ugwe wao haukuumia wote. Kwingineko watu waliopooza wamesimama na kupiga hatua wakisaidiwa na umeme uliowekwa juu ya ugwe, huko Louisville kuanzia 2011 na Lausanne kuanzia 2018. Umeme hauoteshi uzi uliokatika. Unaziamsha nyuzi chache zilizosalia, na imebainika kwamba hata jeraha linaloitwa kamili mara nyingi huacha chache.

Wodi za leo

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 15 wanaishi na jeraha la ugwe wa mgongo. Kwetu wengi hutokana na ajali za barabarani na kuanguka kutoka juu: mnazi, mwembe, jukwaa la ujenzi, bodaboda. Moshi, Dar es Salaam, Nairobi, wodi za mifupa na za uti wa mgongo huwapokea, na wengi hufika baada ya kubebwa mikono na miguu, kiuno kikining'inia, au kukalishwa kwenye gari dogo, wakati mgongo ulitakiwa ulazwe ubao mmoja na shingo isigeuke. Uzi uliochubuka tu hukatikia njiani.

Wauguzi hawatoshi, kwa hiyo mwenye kumgeuza mgonjwa ni ndugu. Saa nane za usiku mama anaamka kwenye mkeka chini ya kitanda, anaingiza mkono chini ya bega la mwanawe, mwingine chini ya nyonga, anamlaza ubavu wa pili, anaweka mto katikati ya magoti na kuangalia visigino kama vimekuwa vyekundu. Saa kumi ataamka tena.